Kopo la Mfuniko wa Dhahabu

Jumatatu, 1 Septemba
Joto. Foleni tangu asubuhi kwenye dirisha la dawa la zahanati. Nimegawa dawa za minyoo, za presha, na tyubu za haidrokotisoni, krimu ya ngozi, ambazo watu wa Habaswein huzipokea kama nimewapa mavi ya mbuzi. Kosa lake ni kuwa za bure. Hapa bei ndiyo daktari.

Fardosa, mwenye nyumba niliyopanga, ameirudisha tyubu ya mwanawe. Idman ana miaka miwili, ukurutu umemjaa mashavuni. Mimi mfamasia tu, lakini huniita daktari. "Dakitari, hii ya serikali ni maji tu." Akanionyesha kopo la mfuniko wa dhahabu alilonunua dukani. Nimesoma lebo. Ni dawa ya jamii ile ile, ila kali mno, ya ngozi sugu ya mtu mzima. Shavuni mwa mtoto! Mwenye duka hasomi lebo. Anasoma noti.

Ijumaa, 5 Septemba
Mashavu yamezidi kuwa mekundu. Nimemwonya mara tatu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi nimemdanganya. Kopo limeisha, nimelichukua, nikasema nitamletea lingine. Nimelikamulia tyubu nne za bure, nikamrudishia kama jipya. Amenusa, akatabasamu. Mjinga mkubwa.

Jumatano, 17 Septemba
Idman safi kabisa. Fardosa anauza maziwa ya ngamia sokoni, na kila mteja anapewa sifa za kopo juu ya maziwa. Nimecheka peke yangu hadi machozi. Mimi mwerevu.

Jumatatu, 22 Septemba
Mama mmoja kaja na mtoto wa miezi minane. Mashavu yamewaka, ngozi nyembamba inang'aa, vipele kuzunguka mdomo. Nikamuuliza amempaka nini.

"Ile kobo ya Fardosa. Nimenunua dukani, wallahi, si ya bure."

Nimemwandikia aende kwa daktari. Duka limemaliza makopo yote. Nimemdharau mwenye duka mwezi mzima, kumbe mpiga debe wake ni mimi. Najichukia.

Jumanne, 23 Septemba
Nimesema. Sokoni, mbele ya wauza maziwa wote: kopo la Idman lilikuwa na dawa ya bure, la dukani litupeni. Fardosa hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alifunika madumu yake, akanipa mgongo.

Jumatatu, 29 Septemba
Foleni fupi. Yule mama karudi na mtoto. Wekundu umeanza kupungua, lakini daktari kasema itachukua muda.

Fardosa alikuwa wa mwisho. Siku sita tunaishi ua mmoja bila salamu. Ukurutu umemrudia Idman, safari hii viwikoni. Hakuja na kopo.

"Dakitari, nibe ile ya maji."

Nikampa tyubu. Akasimama pale pale dirishani, akasoma jina la dawa herufi kwa herufi, kisha akaomba nyingine ya mtoto wa yule mama aliyenunua kopo dukani.