Kofia ya Rangi ya Boga

Jumapili, 8 Oktoba
Naanza leo, na nimejiapia kuandika yote, hata ya kuniaibisha. La kwanza: Dada atajifungua wakati wowote, na Mama hataki kusikia jina lake. Tangu aolewe na yule fundi wa kuchomelea vyuma bila kuaga, nyumba imepoa. Basi mtoto nitamtengenezea mimi kofia na kiblanketi, kwa rangi za mboga zilizojaa sokoni sasa – boga, bitiruti. Nitatia rangi mwenyewe. Mwalimu wa ufundi amesema inawezekana, mradi nisiwe na haraka. Na haraka ndiyo niliyo nayo!

Jumatano, 11 Oktoba
Nimechemsha bitiruti. Kitambaa kikatoka rangi ya waridi, nikajiona fundi. Nikakisuuza – rangi yote ikaondoka na maji. Kimebaki kama kitambaa cha kupangusia chai. Maganda ya vitunguu ndiyo yametoa rangi ya boga hasa, ila kwa mabaka. Mama akauliza sufuria yake imekosa nini. Nikamwambia ni vitu vya mtoto. Hakuuliza mtoto wa nani.

Alhamisi, 12 Oktoba
Shemeji kapiga simu. Msichana! Wote wazima. Nilirudia kila neno kwa sauti, makusudi. Mama aliendelea kumenya vitunguu. Vingi kuliko vya mchuzi.

Ijumaa, 13 Oktoba
Nimetoka shule nikakuta maganda ya jana yamekaushwa, yamefungwa vizuri mfukoni. Jikoni kinachemka kitambaa kilichobaki, ndani ya maji ya sabuni.
“Kitambaa kipya kina wanga wa dukani,” Mama akasema. “Usipouchemsha ukatoka, rangi itashika wapi?”
Kisha, akiwa amenipa mgongo, akasema nepi zetu zote alizichemsha yeye, na za Dada hazikuwa na mwisho, maana yule alikuwa kisima. Nikacheka. Yeye nusura acheke.

Jumamosi, 14 Oktoba
Imeshika! Boga lililoiva, bila baka hata moja. Siwezi kutulia, nimekwenda kwenye kamba ya nguo mara sijui ngapi. Kofia nimeishona kabla ya chakula cha mchana. Mama akaivisha kwenye ngumi yake, akaigeuza huku na huku. Ndogo, akasema, watoto wa ukoo huu huja na vichwa. Akachukua mkasi, akafumua mshono wangu wote! Nilitaka kulia. Halafu akatunga uzi kwenye sindano, akakaa. Nikamwuliza anangoja nini.
“Muulize.”
“Nani, Mama?”
“Unamjua.”
Nikachukua simu, nikaandika. Mama kasoma juu ya bega langu, kasema haijatosha, kanitajia maneno ya kumalizia. Nimetuma hivi:
Dada, zungusha uzi kichwani kwa mtoto, upime, unijibu sasa hivi. Mama ameshika sindano. Anauliza: au tuje tumpime wenyewe?