Yule Nyuma ya Bega

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na hujaanza tena ubishi wa kubeba ndoo. Mimi mzima, ila sauti imekwaruza kwa kuimba kila jioni.

Shangazi kanipigia simu. Anasema umetangaza mtaa mzima kwamba yule kijana niliyeimba naye jukwaani ndiye mkweo, na mjomba kaambiwa ajiandae kumpokea Jumamosi. Mama jamani! Si wewe uliyekuwa ukinicheka kwamba mapenzi ya michezo ya nyimbo ni uongo mtupu, watu wanakutana, wanaimba, wanaoana? Safari hii ulipokuja ukumbini ulilia mpaka kitambaa kikalowa, ukasema macho yale hayaigizwi.

Yule bwana ana mke wake. Tena hutafuna kitunguu kibichi kabla ya kuingia, eti kinalainisha koo, nami namshika mashavu huku nimebana pumzi. Mwanzoni watu walicheka pale pa kulia. Mwelekezi wetu alisema naimba mapenzi kama mtu anayesoma bei za sokoni. Mwishowe akamsimamisha mwenzangu karibu na pazia la pembeni, akaniambia nitazame juu ya bega lake. Tangu siku hiyo ukumbi ukawa kimya, na mwelekezi hajaacha kujisifu.

Ajisifu tu. Juu ya bega lile, nyuma ya pazia, husimama fundi wa mavazi na gauni langu la harusi mkononi, pini mdomoni, maana wimbo ukiisha ananibadilisha upesi gizani. Kuimba hawezi, hata mtoto hawezi kumbembeleza. Lakini kiatu kikinibana hujua kabla sijasema, kesho yake nakuta kimetanuliwa. Ni yeye ninayemwimbia, mama. Aliniuliza kama nitakubali kuolewa naye, nikakubali.

Wewe mwenyewe husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Uliyaona kweli, ulikosea mtu tu. Jumamosi tunakuja, mimi na fundi. Mjomba asibadilishe chochote. Najua utauliza cherehani italisha nani. Uliza yote, nitakusikiliza, lakini sirudi nyuma.

Nakuomba jambo moja. Akiingia mlangoni, usimtazame yeye kwanza. Nitazame mimi, kama ulivyonitazama ukumbini.

Msalimie shangazi, nawe sasa utangaze upya.

Ni mimi,
Kitindamimba wako