Liamshe Shamba la Bondeni

Kambi ya Wapimaji,
Hema la Vibarua.
9 Agosti

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo? Mama je, kifua kimepoa? Na watoto wako hawajambo? Mimi ni mzima, ila mabega yamechubuka kwa kubeba vigingi vya saruji. Nisikufiche, Dada: naogopa.

Kazi yetu hapa ni kupima mashamba ya watu. Mpimaji anachungulia kwenye chombo chake, karani anaandika, sisi vibarua tunachimba na kusimika vigingi. Juzi tulifika kwenye shamba lililoota nyasi hadi kiunoni. Karani akaandika: pori, halina mwenyewe. Tulikuwa tumeshasimika vigingi viwili, mama mmoja akaja mbio, jembe mkononi.

"Jamani, hilo ni langu! Nimelipumzisha tu, udongo umechoka!"

"Kumbe shamba nalo huenda likizo?" karani akamjibu. "Mama, mimi naandika ninachokiona."

Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, Dada, kisha nikasimika kigingi cha tatu. Kwa mikono hii hii.

Tangu siku hiyo shamba letu la bondeni halinitoki machoni. Ni mimi niliyekuambia uliache misimu mitatu, maana mahindi yalikuwa yanatoka membamba kama njiti. Ushauri ule ulifaa udongo, lakini udongo hauwezi kujitetea mbele ya karani. Na jana dereva wetu alituambia kwamba kundi jingine litafika huko kwetu mwezi ujao.

Kwa hiyo usingoje mvua. Ukimaliza kusoma barua hii, shika panga ufyeke. Piga matuta, chomeka vipande vya muhogo hata kama havitashika. Waone jembe limepita. Halafu panda miparachichi mpakani, pande zote.

Najua Baba Mdogo alikukataza kupanda miti. Alisema mwenye mti ndiye mwenye shamba, na wewe uliyerudi nyumbani na watoto, leo upo, kesho utaolewa tena. Nilikuwepo, nikaitikia. Haikuwa heshima, Dada. Nilihofia utanipokonya shamba. Tazama sasa ninamhofia nani.

Msalimie Mama, mwambie dawa asiiache njiani. Wabusu watoto. Baba Mdogo naye msalimie, na akifoka kuhusu miti, mwambie nimekutuma mimi.

Limebaki moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Wakikuuliza mwenye shamba, usinitaje. Asiyekuwepo haandikwi, nimeliona hilo kwa macho yangu. Simama katikati ya matuta, useme ni lako. Na liwe lako kweli, si la kuwadanganya wapimaji. Nikirudi, nitapiga hodi, nawe utanionyesha pa kulima.

Mungu akutangulie, akupe nguvu za mikono.

Ndimi nikupendaye,
Mdogo wako