Matundu Kwenye Kava la Mashaka

Jumapili, Oktoba 1996. Mpanda.

Joto la leo halina adabu. Mvua bado, na moshi wa wanaochoma mashamba huko upande wa Magamba umeifanya mbingu iwe na rangi ya chai ya maziwa. Nimekaa nyuma ya nyumba, daftari magotini, na sitaki mtu aje.

Nina aibu. Niliandike hilo kwanza, maana najijua, naweza kuzunguka kurasa tatu nikizungumzia moshi.

Nitaandika tangu mwanzo, ili nikija kusoma uzeeni nisijidanganye kwamba lilikuwa jambo dogo.

Hapa mjini tuko watatu tunaokusanya mikanda ya video ya filamu za zamani. Yupo Mashaka, fundi saa, mtu wa Karema. Yupo Masanja, Msukuma aliyeuza ng'ombe akanunua jenereta na deki, akafungua banda la video jirani na soko. Na mimi, fundi cherehani. Kila Jumamosi alasiri tunakutana kibarazani kwangu, tunapanga mikanda yetu juu ya meza ya kukatia nguo, na tunabishana kuhusu makava. Filamu zenyewe tumeshaziona mara nyingi mpaka hatuna la kusema. Makava hayaishi maneno.

Mashaka anataka kava la kwanza, lile lililotoka na mkanda, hata kama limechanika, hata kama mende wamekula pembe. Anavaa kile kioo chake cha jichoni cha kutengenezea saa, anasoma maandishi ya mgongoni herufi moja moja. Siku hizi filamu za zamani zinatolewa upya zikiwa na makava mapya, picha za vichwa vya waigizaji zimepangwa kama nyanya sokoni. Akiletewa la namna hiyo anageukia barabara.

Masanja anataka kava liite watu. Anayapigilia kwa misumari midogo kwenye ubao nje ya banda, jua linayachapa mpaka wekundu wote unaisha na waigizaji wanabaki wa bluu. Siku moja alibandika kava lenye gari linalowaka moto, ndani akaonyesha filamu ya watu wanaolia mwanzo mpaka mwisho. Wateja walikaa wanasubiri moto. Nilimcheka wiki nzima.

Mimi napenda yaliyochorwa kwa mkono. Mchoraji wa zamani alikuwa anamchora mtu mzima, kuanzia utosini hadi vidole vya mguu, na nguo anaichora kama aliyewahi kuishika. Nusu ya magauni niliyoshona mjini hapa yametoka kwenye makava. Mteja anaonyesha kwa kidole, mimi nachukua futi.

Sasa, Mashaka ana mkanda mmoja wa Kihindi, filamu ya zamani sana ya mwanamke muuza bangili. Kava lake ni la kuchorwa. Yule mwanamke amesimama mlangoni, blausi ina mikono iliyofura mabegani, sketi ina marinda mengi mpaka huwezi kuyahesabu. Aliupata kwa bwana mmoja wa Kigoma aliyekuwa anahama, na kabla ya mwezi wa saba haukuwahi kutoka nyumbani kwake. Mwezi huo nilimbembeleza mpaka akachoka. Akanipa kwa siku tatu. Akasema nikimaliza nimpe Masanja aonyeshe Jumamosi, ila Masanja aliambiwa mbele yangu kwamba kava lile halipandi ubaoni. Masanja akaapa kwa jina la mama yake.

Nilikuwa na mteja aliyetaka blausi ya mikono ile. Nikalitoa kava kwenye nailoni yake, nikalitandika juu ya blanketi, chini yake karatasi ya kaboni na karatasi ya kukatia. Nikachukua kile kigurudumu changu chenye meno, tunachohamishia mchoro, nikakipitisha kwenye mikono, kwenye kiuno, kwenye marinda yote hadi chini. Nilikuwa naimba. Mkono umezoea kitambaa, ukakandamiza kama kitambaa.

Nilipoliinua nikaona mwanga wa dirisha unapita katikati ya yule mwanamke. Matundu, mstari kwa mstari.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nishindwe kula leo. Nililirudisha kava kwenye nailoni, nikafunga kasha, Jumamosi nikampa Masanja. Nilimpa huku natabasamu. Nikamwambia, tena kwa sauti, watu wasikie, "Shemeji, misumari yako mbali na hili."

Jumatatu yake Mashaka aliletewa mkanda wake. Alikuja nao kwangu moja kwa moja. Akalinyanyua kava kwenye mwanga. "Dada, hebu tazama. Wewe mtu wa sindano, haya matundu ya nini?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pangu pa kusema. Nilishika kava, nikaligeuza mbele na nyuma kama mtaalamu, nikasema ni misumari. Nikaongeza kwamba inaonekana alibandika na kubandua mara nyingi. Hakuna msumari unaofuata mkunjo wa marinda, na Mashaka angevaa kile kioo chake angeliona hilo. Hakukivaa. Alikuwa ameniuliza mimi, ninayeshinda na sindano, akaniamini.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza tangu jana na jibu linanichefua. Ni kwa sababu kila Jumamosi mimi ndiye niliyekuwa namsema Masanja. Mimi ndiye niliyemwita muuaji wa makava. Nisingeweza kusimama mbele ya wale wawili nikasema kwamba aliyeua ni mimi.

Tangu siku hiyo Mashaka hakukanyaga bandani. Jumamosi aliendelea kuja kwangu, Masanja naye akaja, ila wakawa wanaongea kupitia kwangu. Mimi katikati, namwaga chai, napeleka maneno.

Mwanzoni Masanja alikataa kabisa. Baadaye akaanza kusema labda alipitiwa. Mwezi wa tisa alikuwa anasema ni yeye tu, hakuna mwingine, kwa sababu mikono yake ni ya kukamua ng'ombe na haijui vitu laini. Nilimsikia akisema hivyo nikanywa chai yangu.

Jana alikuja na bahasha. Alikuwa amewaagiza watu wa treni wamtafutie Tabora mkanda uleule, na umepatikana. Akaufungua kwa ncha za vidole, baada ya kunawa kwenye ndoo yangu na kujifuta kwa shati. Lilikuwa kava jipya. Vichwa. Muuza bangili amekuwa kichwa tu, hana hata bega.

"Kaka," Masanja akamwambia Mashaka, "najua siyo lile. Ila chukua, unisamehe. Sijui niliufanyaje mkono wangu siku ile."

Mashaka alilipokea, hakugeukia barabara. Alijitahidi, namsifu kwa hilo. Kisha akanigeukia mimi, kama kawaida yetu, nitoe neno langu kuhusu kava.

Nikasema ni zuri.

Mimi! Mimi ambaye makava ya vichwa nayatukana hata mbele ya wateja! Mashaka akashangaa, Masanja akashukuru, akaniangalia kama mtu aliyetetewa. Nikaingia ndani nikijifanya natafuta sukari.

Leo baada ya misa sikurudi nyumbani. Nilikwenda bandani. Ule ubao wa nje haupo, umebaki ukuta na alama ya mahali ulipokuwa. Masanja alikuwa ndani, anayapanga makava yake kwenye kabati la vioo alilotengenezewa, kila moja kwenye nailoni. Mengine ni yale ya bluu yasiyo na faida tena kwa mtu yeyote, nayo kayavalisha.

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yakatoka machache tu. "Yale matundu ni kigurudumu changu. Ni mimi, siyo wewe."

Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimejiandaa nayo, hata niliyataka. Nilitaka anifukuze, nitoke pale nikiwa nimeadhibiwa.

Masanja aliliweka chini kava alilokuwa ameshika. Kisha akakimbilia mlango wa nyuma, akamwita mkewe kwa sauti ambayo nadhani soko zima liliisikia.

"Mama Kulwa! Mama Kulwa wee! Siyo mimi! Kumbe siyo mimi!"

Mkewe akaja, mikono ina unga. Masanja akamshika mabega, anacheka, machozi yanamtoka, mwanaume mzima. Mama Kulwa akaniambia mumewe tangu mwezi wa nane alikuwa hagusi deki mwenyewe, anamwita yeye aweke mkanda, anaogopa kuharibu. Alinieleza hilo kwa upole, kama anayemweleza mgeni habari za mgonjwa aliyepona. Wala hakuuliza kwa nini nilinyamaza. Wakanikaribisha chakula.

Nilijua kuogopa hasira ya mtu. Sikujua kwamba furaha yake inaweza kunichoma hivi. Mpaka leo nilikuwa nahesabu nilichomharibia Mashaka, karatasi moja. Nilichomharibia Masanja sikukihesabu hata mara moja.

Kisha akafuta uso, akachukua baiskeli. "Twende kwa Mashaka sasa hivi, dada. Panda nikupeleke."

Nami nikasema siwezi. Nikasema kichwa kinaniuma, jua kali, nipe mpaka kesho asubuhi nitakwenda mwenyewe. Alisimama na baiskeli yake. Niliona anavyotaka kwenda. Angeweza kwenda bila mimi, haki yote ni yake.

Akairudisha baiskeli ukutani. "Haya," akasema, "kesho."

Kesho nitakwenda, kabla sijafungua duka. Nitakwenda hata miguu ikigoma. Lakini jambo la leo limeshafanyika na siwezi kulifuta humu daftarini. Miezi mitatu nimembebesha Masanja kosa langu, na leo, baada ya kumwambia ukweli, nimemwomba alibebe siku moja zaidi.

Na amekubali.