Gesi Tu

Dada,

Shikamoo. Sweta uliyonifumia imefika. Mkono mmoja umeuzidi mwenzake, lakini naivaa hivyo hivyo.

Nilikwenda kupimwa lile tumbo, palepale hospitali ninapofanya usafi. Lugha ya huku bado inanipiga chenga, basi mkwe wangu akanitafsiria. Daktari aliongea muda wa kuivisha maharage, mkwe akaniletea maneno matatu: "Gesi tu, mama." Mbona machozi yalimlenga? Eti vumbi. Vumbi gani, na deki napiga mimi!

Tangu siku hiyo hataki nishike hata kijiko, na mwanangu anapiga simu mara tatu kwa siku kuuliza kama nimekula. Nani anadekezwa hivi kwa gesi?

Kuna neno daktari alilirudiarudia. Nikalishika. Jumatatu nikamwomba mwenzangu wa kazi anisomee maandishi ya mlango wa wodi ya mwisho, ile ambayo viatu vya wagonjwa wake hurudi nyumbani mikononi mwa ndugu. Akasoma neno lile lile.

Usimgombeze mkwe. Akiniuliza, namjibu, "Gesi imepungua, mwanangu," naye anapata usingizi. Ila wewe, dada, usingoje likizo. Njoo.

Mdogo wako