Ule Ubeti wa Mwisho Unaoukata

Satwa, Dubai

Kwako dadangu Mwanaisha,

Nakusalimu kwa mapenzi, ingawa nina kinyongo nawe na nitakueleza. Kifua chako vipi siku hizi? Na mama, miguu imepungua kuvimba? Mimi mzima, alhamdulillahi. Bado nakata suti dukani, arbab, yaani tajiri wetu, bado mkali, na joto la huku halina adabu. Barua anakuletea Mama Rukia, aliyekuja kununua madera. Ningekuandikia kwa simu ungefuta kabla hujamaliza.

Umeniomba maneno ya wimbo utakaouimba kwenye harusi ya mwanao Zuhura. Kabla sijakupa, nisikilize.

Unamkumbuka Prakash, yule Mhindi niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja, yeye akipiga pasi dukani, mimi nikikata? Rafiki yake mpiga kinanda alikuwa akimpigia simu kutoka Bombay na kumwimbia mahadhi matupu, la la la, naye anatia maneno huku pasi iko mkononi. Nilimcheka sana. Nikamwambia, "Bhai, wewe unashona kanzu kwanza, kisha unatafuta mtu wa kumwenea." Kwetu maneno hutangulia, mahadhi yakafuata. Akanijibu, "Salimu, sinema haimngoji mshairi."

Kicheko kile kilinitokea puani. Wimbo wake mmoja uliingia kwenye filamu, ukapendwa, akaitwa kwao, na baadaye akawa anaandikia filamu kubwa kubwa. Arbab akabandika picha yake juu ya meza yangu, na kila mteja anaambiwa, "Huyu alikuwa akipiga pasi hapa." Mimi niliye hapa hakuna anayeniuliza. Dada, nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti. Nyimbo zangu zinaimbwa kwenye harusi Mombasa nzima, na mimi nakata suruali za watu.

Juzi juzi akaja Dubai na waimbaji kwa tamasha, akataka koti lake nimshonee mimi. Nililishona vizuri, lakini wallahi kila mshono niliutia kijicho. Akanipa tiketi. Nikaenda nimeshanuna, nikingoja aitwe jukwaani watu wamsimamie.

Wimbo wake ukaimbwa. Ukumbi mzima ukaimba nao, madereva, wapishi, mabibi waliojaa dhahabu, kila neno wanalijua. Mwimbaji akamshukuru mpiga kinanda, akamshukuru wa tabla, akashukuru hata mafundi wa taa. Prakash alikuwa safu ya mbele, kavaa koti langu, akipiga makofi kama mgeni yeyote. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi, tena nikamwonea wivu kwa ule ukumbi uliomwimbia.

Kesho yake alikuja dukani kuaga. Nikamwuliza kama hakuumia. "Nimezoea," akasema. "Ndani ya nyimbo zetu hamna pahali pa jina." Nikamweleza kwamba kwetu mshairi hujitaja katika ubeti wa mwisho, na ndivyo baba alivyonifundisha. Akasema, "Bahati yako. Basi wewe watu wanakujua." Nikaona kwamba ananionea wivu, mimi. Nikashindwa kumwambia kuwa dadangu mwenyewe huukata ubeti huo.

Usikatae. Nimeziona video za harusi. Ukifika pale unawageukia wapigaji, wanapandisha ngoma, wanawake wanakuja kukutunza kwa noti, na mimi nimebaki mdomoni mwako. Utasema watu huwa wameshachoka kusikiliza. Huenda. Lakini unatunzwa kwa maneno yangu, na wivu nilio nao kwako unaushinda niliokuwa nao kwa Prakash, maana yeye hakunichukulia kitu.

Nisalimie mama, umbusu mikono. Nisalimie shemeji, mumeo, na ami Athumani anayekupigia udi. Zuhura mwambie gauni lake nimeshalikata, mjomba wake hajamsahau.

Maneno ya wimbo yamo karatasi ya pili. Utaona ubeti wa mwisho sikuuandika. Jina langu safari hii nimelitia kwenye kiitikio, pale wanawake wote huitikia, na vina vyote vinalifuata.

Haya, kata sasa.

Nduguyo akupendaye kwa kinyongo,
Salimu