Punje Nyekundu Katika Beseni

MAELEZO YA SHAHIDI
Jumamosi, tarehe 16, saa 4:10 asubuhi.
Anafahamika kwa: Maalimu. Umri: miaka 71. Kazi: kufuga na kusafirisha samaki wa mapambo. Makazi: nyumba yenye matangi uani, nyuma ya kiwanda cha magodoro.

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Afande, nakusalimu kwa amani, wewe na wenzako. Siku ya Jumatano, mbele ya meza hii hii, nilimshtaki dereva wa lori kwamba ameua samaki wangu. Leo nimekuja kuyarudisha maneno yale. Hayakuwa kweli, na yeye yumo mahabusu kwa sababu ya maneno hayo.

Mnamo tarehe 12, Jumanne, saa 3:00 asubuhi, mimi na mdogo wangu, tumbo moja, tulifungasha samaki wa dhahabu mia mbili. Kila mfuko hutiwa maji theluthi moja, nafasi iliyobaki hewa ya oksijeni, kisha hupangwa ndani ya boksi la foamu. Kabla ya hapo samaki hushinda siku mbili bila chakula, kwa kuwa aliyeshiba huyachafua maji, na uchafu ule humuua njiani. Kazi ya kuwazuilia chakula nilimkabidhi mdogo wangu. Asubuhi ile alinitania, "Kaka, hata samaki umewafungisha swaumu!" Nikacheka naye.

Lori liliondoka saa 5:30. Mimi nilifuata kwa basi. Jumatano saa 2:00 asubuhi, mwenye duka aliyeagiza mzigo alifungua maboksi mbele yangu. Samaki wote walikuwa wamelala ubavu. Mdogo wangu akaniambia kwa simu, "Ni dereva huyo. Ana tabia ya kuegesha juani."

Dereva akasema, "Mzee wangu, naapa, nimesimama mara moja tu, kivulini, nikanywa chai."

Sikumsikiliza. Nilimtazama mtu kabla sijayatazama maji.

Nilirudi nyumbani na mfuko mmoja usiofunguliwa. Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, niliumimina katika beseni jeupe. Chini palituama kinyesi kingi, na punje nyekundu za chakula walizozitapika. Chakula kile hufungiwa kabatini. Funguo ni mbili: mmoja wangu, mmoja wa mdogo wangu.

Nilimwita. Aliliangalia beseni, akaketi chini.

"Uliwalisha lini?"

"Alfajiri ile, kaka. Ulipokwenda msikitini."

"Kwa nini?"

"Umezeeka na hutaki kuniachia biashara. Nilitaka wateja waone mikono yako imechoka."

"Na dereva?"

"Aah, huyo wangemwachia tu."

Alfajiri ile, afande, nilikuwa nikimwombea dua. Nimemlea tangu mama yetu alipofariki, yeye akiwa na miaka sita. Kufunga mfuko nilimfundisha kwa kuishika mikono yake ndani ya mikono yangu. Jana, Ijumaa, tulisali safu moja, bega kwa bega. Tulipomaliza, sikuweza kumpa mkono.

Nimesafiri naye. Ameketi kwenye benchi hapo nje. Naomba dereva aachiwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Sikuongeza wala sikupunguza. Mola ambariki kila atakayeyasoma, na aziunganishe nyoyo za watu wa nyumba yake. Amina.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maneno yake, akayakubali. Nilimuuliza kama angependa "tumbo moja" lifutwe. Alisema libaki. Dereva aliachiwa saa 7:20 mchana. Shahidi alisimama, akamsalimu. Dereva alipita bila kuitikia. Ndipo shahidi alipotoka hadi kwenye benchi, akamshika mkono mdogo wake, akamwingiza ndani atoe maelezo yake.